Mama Ana Maoni

Mkuu wa kituo cha polisi aliingia bila hodi, akatafuta pa kukaa, akakosa. Sebule ya Fundi imejaa spika kuliko viti. Mgeni akija huketi juu ya spika, na akiwa mnene huombwa kwa heshima zote ahamie ile ya pembeni ambayo imekwisha kupasuka. Mkuu wa kituo alikuwa mnene kweli kweli, lakini nani angemwambia? Akakaa juu ya ile mpya.

Fundi alikuwa sakafuni anaunganisha waya. Akainuka mbio mbio, koleo bado mkononi.

"Karibu, mkuu. Nikuletee chai?"

"Sikuja kunywa chai. Kesho ni wewe unayefunga vyombo pale ukumbini?"

"Ni mimi, mkuu. Ule mkutano wa kukusanya maoni."

"Maoni ya muswada wa kupambana na ugaidi," mkuu alisahihisha. Akaipapasa spika aliyoikalia kama mtu anayepima ng'ombe wa kununua. "Unakumbuka harusi ya binti yangu?"

Fundi angesahau vipi? Katika harusi ile, baba mdogo wa bwana harusi alikuwa amelewa chakari, akanyakua kipaza sauti, akaanza kuwahesabia wageni wachumba aliokuwa nao bibi harusi zamani. Fundi akafanya kile ambacho yeye na mkewe hukiita kumzamisha mtu. Humkatii sauti, maana ukimkatia atafoka na aibu itakuwa mara mbili. Unapandisha muziki taratibu, unashusha sauti yake taratibu, huku mkeo, ambaye kazi yake ni kuzunguka na kipaza sauti katikati ya wageni, anaanza kupiga makofi. Wageni wanadakia. Mzungumzaji anaamini ameshangiliwa, anainama kushukuru, anakaa. Hakuna aliyeudhika. Ni ujuzi ambao wanandoa hawa walikuwa wakijivunia, na hata mimi ninayewasimulia nasema walistahili kujivunia.

"Nataka ile ile," mkuu alisema. "Nitasimama mlango wa pembeni. Mtu akianza hadithi za nani kakamatwa na nani yuko wapi, nitavua kofia. Nikivua kofia, zamisha."

Fundi akacheka kidogo, akitumaini ni mzaha. "Mkuu, ile ilikuwa harusi."

"Na hili ni jambo la usalama. Kipi kizito?"

Mkuu akageuka kuutazama mlango wa ndani, kisha akainamisha kichwa.

"Mdogo wako ninaye mimi."

Wiki tatu walikuwa wamemtafuta. Mdogo wake Fundi alitengeneza simu kwenye kibanda kando ya soko. Vijana wawili wa jirani walipochukuliwa, yeye aliandika kwenye kundi la mtaa: wamepelekwa wapi, na kwa nini hawafikishwi mahakamani? Hakuandika zaidi ya hapo. Kesho yake watu wakaja kwenye kibanda, wakamwambia aache simu ya mteja mezani hivyo hivyo, imefunuliwa. Toka siku hiyo hakuonekana.

"Yuko hai?" Fundi aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba hata mwenyewe akaionea haya.

"Yuko hai, anakula. Ijumaa anaweza kula kwenu. Itategemea kesho." Mkuu akainuka, spika ikalia. "Na ukimwambia mtu, hata mama yako, mimi sijasema kitu. Sheria ya sasa hainilazimishi kusema nani ninaye. Hii mpya ikipita, ndiyo kabisa."

*

Mama yao alirudi jua likiwa bado kali. Alikuwa na mfuko wenye shati safi la mwanawe, kwa sababu kila kituo alichokwenda alitaka wampelekee abadilishe. Akavua viatu, akakaa juu ya spika iliyopasuka; yeye ni mwembamba, lakini ndiyo aliyoizoea.

"Wamesemaje leo, mama?" mke wa Fundi aliuliza, akimpa maji.

"Yale yale. 'Mama, hapa hatuna mtu kama huyo.' Yule kijana wa kaunta hata uso hakuinua, anatafuna karanga. Nikamwambia, mwanangu, sikuombi umtoe. Sina haja hiyo kwako. Sema tu kwamba mnaye. Akaniambia niende nikaangalie hospitali." Akanywa maji yote kwa mkupuo. "Nimekwenda hospitali. Nimekwenda na kule kwingine, wakanifunulia vijana wa watu, mmoja mmoja. Nataka mtu mmoja tu mwenye cheo afungue mdomo aseme anaye. Hapo nitajua namlilia mfungwa au namlilia maiti."

Jamani! Jibu lilikuwa kinywani mwa Fundi. Alikuwa nalo pale pale, hatua mbili kutoka kwa mama yake mzazi, akalimeza, akajifanya anatafuta ncha ya waya. Tumlaumu, anastahili. Ila hata wewe ungejaribu kufikiri na Ijumaa imewekwa mbele ya macho yako.

"Kesho nitakwenda kwenye maoni," Mama alisema. "Nimekwisha jiandikisha. Mimi nina maoni."

"Usiende, mama."

"Kwa nini?"

"Watu watakusema vibaya. Watasema unatetea magaidi."

"Waseme lipi tena ambalo hawajasema? Muuza mkaa ananiuzia mkono umenyooka, anaogopa nitamwambukiza."

"Basi subiri Ijumaa ipite."

"Ijumaa kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nasema tu."

Mke wa Fundi alikuwa akikunja waya wa kipaza sauti. Akaacha kukunja, akamtazama mumewe kwa muda. Neno lile la Ijumaa aliliweka moyoni.

*

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Fundi alifunga spika nne, akaweka meza yake nyuma pembeni, na juu ya meza mikisa, ile mashine yenye vitufe vingi ambayo kwayo kila sauti hupandishwa na kushushwa. Mkewe alishika kipaza sauti cha kuzunguka nacho. Fundi mwenyewe alibaki na kingine kidogo pale mezani, cha kujaribia. "Moja, mbili. Moja, mbili. Huko nyuma mnanipata?" Huko nyuma wakasema wanampata.

Mwenyekiti wa tume, bwana mwenye miwani na sauti ya upole, alieleza kwamba kila mwananchi yuko huru kusema. Kando yake, pale pale jukwaani, aliketi karani wa kuandika. Mkuu wa kituo alikuwa mlangoni, kofia kichwani.

Wa kwanza kusema alikuwa mtu wa magongo. Mguu wake wa kulia uliishia gotini.

"Mimi siku ile nilikuwa sokoni nachagua nyanya," alisema. "Mnaojua haki, naziheshimu haki zenu. Lakini aliyetega lile bomu alikaa miezi anahubiri mambo yake mbele ya watu, na watu walikuwa wanamsikiliza. Angefungwa mdomo mapema, ningekuwa na mguu. Mimi naiunga mkono sheria hii. Naunga mkono na ingekuwa kali zaidi."

Alipigiwa makofi, na si ya kinafiki. Hata Mama, safu ya tatu, aliitikia kwa kichwa.

Akafuata mwalimu wa shule ya msingi, ameshika karatasi za muswada zilizopigwa mistari. "Namheshimu ndugu yangu aliyetangulia. Mtega mabomu afungwe, sina ubishi. Lakini someni hapa. Panasema ni kosa kusema neno lolote linaloweza kumpa mtu moyo wa kutenda ugaidi. Linaloweza! Nani atapima? Mimi nikimfundisha mtoto kwamba babu zetu walikataa kuonewa, je, nimempa moyo? Na hapa panasema mtu anaweza kuwekwa bila ndugu zake kuambiwa. Tayari mtaani kwangu kuna vijana—"

Mkuu wa kituo akavua kofia.

Kidole cha Fundi kikapandisha muziki kidogo. Kingine kikashusha sauti ya mwalimu kidogo. Mwalimu akakohoa akidhani ni koo lake, akaongeza nguvu, lakini muziki nao ukapanda, ule ule wa kukata keki, laini na mtamu.

Na hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo lisingefanywa na mtu mwingine yeyote mle ukumbini. Mke wa Fundi, katikati ya watu, alisikia muziki unapanda, na mikono yake ikajibu kabla ya kichwa. Miaka yote ya harusi! Akaanza kupiga makofi. Walio karibu naye wakadakia, kwa kuwa mtu akiona wenzake wanapiga makofi hapendi kubaki nyuma. Ukumbi mzima ukapiga. Mwalimu akageuka huku na huku, midomo inacheza haisikiki, hatimaye akakunja karatasi zake na kukaa, uso umemwiva kwa aibu.

"Wee Fundi!" mtu akapaza sauti kutoka dirishani. "Keki iko wapi?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema vyombo vya kukodi ndivyo vilivyo, na mwingine kwamba huyu fundi ni wa kubahatisha. Mtu huyu aliwahi kukaa juani siku nzima kutafuta mlio mdogo kwenye spika moja, leo anaitwa wa kubahatisha mbele ya mji mzima.

Mkewe alikuwa anatabasamu bado, tabasamu la kazini, alipomwona mkuu wa kituo mlangoni anamwinulia kidole gumba. Kumpongeza. Tabasamu likamkauka. Akapita katikati ya watu hadi kwenye meza.

"Nani kakwambia umzamishe mwalimu?"

"Ongea polepole."

"Nakuuliza, nani? Umenifanya nimpigie makofi kama mlevi!"

"Wanaye," Fundi alinong'ona. "Mdogo wangu wanaye. Yuko hai. Wanamtoa Ijumaa nikifanya hivi."

Mkewe akashika ukingo wa meza. Kwanza ilimjia furaha, haki yake, yule ni shemeji aliyemtania kila asubuhi. Kisha furaha ikageuka.

"Umejua tangu lini?"

"Jana."

"Jana kabla mama hajarudi au baada?"

Fundi akageukia vitufe vyake.

"Kabla!" mkewe alisema. "Mama anakaa mbele yako anasimulia alivyofunuliwa maiti za watu, wewe umeinamia waya! Una roho gani wewe?"

"Ungekuwa mimi ungefanyaje? Akitoka si atamwona? Si atamshika kwa mikono yake?"

"Na wale vijana wawili aliowaulizia? Mama zao wataambiwa Ijumaa ipi?" Alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Sikiliza. Mama yako anafuata kuitwa. Wewe fanya utakavyo, hiyo mashine ni yako. Mikono hii ni yangu, na haitampigia mama yako makofi anyamaze."

Mwenyekiti akaliita jina la Mama.

*

Mke wa Fundi alimpelekea kipaza sauti. Kabla ya kumkabidhi akakifunika kwa kiganja, akainama hadi kwenye sikio la mkwewe. Alimwambia maneno machache tu. Watu walimwona yule mama anafumba macho, anayumba, anashikwa na mkwewe kiunoni. Alikaa hivyo kwa muda hata mwenyekiti akasema, "Mama, kama hujisikii vizuri tunaweza kumpisha mwingine."

"Najisikia vizuri," Mama alisema. "Sijajisikia hivi kwa wiki tatu."

Akamgeukia mtu wa magongo.

"Baba, pole na mguu wako. Nakupa pole kwa moyo wangu wote. Aliyekufanyia vile akamatwe, apelekwe mahakamani, sote tukae tumsikilize hakimu anasema nini. Nitakwenda na wewe, nitakushikia magongo. Lakini mwanangu mimi hakutega kitu. Mwanangu anatengeneza simu. Aliuliza swali kwa maandishi, akachukuliwa na—"

Kofia ikavuliwa tena.

Vidole vya Fundi vilikwenda vyenyewe. Muziki wa keki ukaanza kusikika kwa mbali. Mama akasita, akainua uso, akatafuta juu ya vichwa vya watu hadi akaiona meza ya nyuma.

"Mwanangu," alisema kwenye kipaza sauti, bila ukali, kama mtu anayemwita mtoto ndani. "Zima huo muziki. Mama yako anazungumza."

Vicheko vikaanza, vikafa. Vichwa vyote viligeuka kumwangalia Fundi. Muziki uliendelea kidogo. Kisha akauzima. Si kwa taratibu ya kazi, aliuzima pa! Akapandisha sauti ya mama yake mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

"Ahsante," Mama alisema. "Nimezunguka vituo vyote vya mji huu. Kila kituo, 'mama, hatuna mtu kama huyo.' Mimi si msomi, sijui vifungu. Ninachouliza ni hiki: sheria inayomruhusu mtu mzima mwenye sare kunidanganya mchana kweupe, itamkamataje gaidi? Gaidi naye si anaficha watu? Si anatishia? Mnataka nisiseme, mnaogopa nini? Mimi sina bomu. Nina mdomo tu, na meno mengine yameng'oka!"

Ukumbi ukavuma. Mlangoni mkuu wa kituo alivaa kofia, akaivua tena, akidhani labda Fundi hakuona vizuri. Akaipunga. Fundi alikuwa amekunja mikono kifuani, anamtazama.

Ndipo mkuu alipoukata ukumbi kwa miguu, akiwasukuma waliosimama, akaja akaegemea ile meza kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na kile kipaza sauti kidogo cha kujaribia.

"Una wazimu?" alifoka kwa sauti ya chini. "Mshushe huyo mwanamke sasa hivi."

"Ni mama yangu, mkuu."

"Hivyo vyombo leo utavisahau. Na tulivyokubaliana, kwisha. Hatoki mtu."

Fundi aliogopa, sitaki kumpamba. Jasho lilimtiririka hadi kwenye vitufe. Aliwaza kibanda kilichofungwa, akawaza Ijumaa ikimponyoka mkononi, na alijua kabisa anaitupa yeye mwenyewe. Kidole chake kikatafuta kitufe cha mwisho, kile cha kipaza sauti cha mezani, kikakipandisha hadi juu.

"Hatoki nani, mkuu?" aliuliza.

"Mdogo wako! Ninaye pale kituoni kwangu na atakaa pale mpaka nitakapotaka mimi!"

Spika nne zikayatoa maneno hayo, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Mpaka waliokuwa nje barabarani wakasimama.

Mkuu wa kituo alibaki ameinama, mdomo wazi, anakitazama kile kipaza sauti kama mtu aliyekanyaga nyoka. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa wa kwanza kusimama, kisha mwanamke mmoja nyuma, kisha mwingine. Wale wawili ndio mama wa vijana wa jirani, na hawakuwa wamejiandikisha kusema.

Mtu wa magongo naye akajiinua, akachukua muda, akakataa kusaidiwa.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi sheria bado naitaka. Lakini huyu mama ajibiwe. Mimi nilipolipuliwa, wanangu waliambiwa niko hospitali gani siku ile ile."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Tafadhali, tafadhali tukae. Mama, pole sana. Lakini hili ni jambo la kituo. Sisi hapa tumetumwa kukusanya maoni juu ya muswada, basi."

"Nimekuelewa, baba," Mama alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, ila sauti ilikuwa imara. "Na hayo ndiyo maoni yangu. Andikeni: mkuu wa kituo amesema, anaye. Andikeni alivyosema, kwamba atakaa pale mpaka atakapotaka yeye. Msiongeze, msipunguze."

Karani akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo alikuwa anatafuta njia ya kurudi mlangoni, na watu waliosimama hawakumsukuma, hawakumgusa, walichelewa tu kumpisha.

Karani aliinama akaandika. Alikuwa kijana wa watu mwenye ajira changa, na kalamu ilimteleza mara mbili.

"Umemaliza?" Mama aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Sasa nisomee."

Mke wa Fundi akapanda jukwaani, akamsogezea karani kipaza sauti mdomoni. Kule nyuma, Fundi akampandishia sauti.